Dahabu Iliyowaka Kwenye Maziwa

Kwenye kituo cha afya nilichotibiwa, benchi la tatu kutoka mlangoni lina msumari uliochomoza. Kama homa yako isiyoisha imekupeleka huko, usikae upande wa kulia. Mimi umenichania kanga mbili, na hakuna aliyewahi kuugongomelea, maana mgonjwa ana yake na nesi hana muda wa kukaa. Nimelikalia benchi lile masika, kipupwe na vuli. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyelikalia leo, aliyeambiwa ni malaria akameza, akaambiwa ni taifodi akameza tena, na sasa ameanza kuambiwa ni mawazo.

Naitwa Anjela. Nimezaliwa Singida. Nilikuja Karatu na kundi la vibarua kuchuma kahawa kwenye shamba la mwekezaji, nikaolewa na Boay, Mwiraqw wa Mbulumbulu. Boay ni mtunza bustani katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na nyumbani hurudi mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo, nikisema ukweli, ndoa yangu nimeishi zaidi na mama yake. Tunamwita Aayo, ndivyo Wairaqw wanavyomwita mama. Ni mwembamba, mgongo umepinda, magoti yanalia akiinuka, ila mdomo wake uko wima kabisa. Tulipatana kwa sababu wote wawili hatujui kunyamaza.

Aayo alikuwa na ng'ombe wake. Siku ya kuolewa baba yake alimpa mtamba mmoja, na ng'ombe wote wa boma lile ni uzao wa yule mtamba. Aliyekuwa akikamuliwa miaka hii aliitwa Mrembo, mweusi mwenye paji jeupe. Maziwa yake hayakuchemshwa. Aayo aliamini kwamba ukichemsha maziwa chuchu za ng'ombe hukauka, na hata bila hilo aliona ni kuyaharibu tu. Alikamua, akachuja, akatia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, ukanywa yangali na joto la ng'ombe. Nisiwe mnafiki, yalikuwa matamu.

Masika ya mwaka juzi Mrembo alitupa mimba iliyokaribia kukomaa. Ndama mfu alikwama, Aayo peke yake hakuweza. Nikaingiza mikono mpaka viwiko, bila glovu, bila hata mfuko wa plastiki, tukavuta pamoja mpaka akatoka na kondo lake. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nikanawa kwa maji baridi na sabuni ya kufulia, nikaenda kusonga ugali. Wafugaji wanalo hata jina la maradhi hayo, wanaita ugonjwa wa kutupa mimba. Tulilisikia jina hilo miaka yote, na tulijua ni la ng'ombe.

Wiki ya tano baada ya pale, na mimi mimba yangu ikatoka.

Kwa Wairaqw, mwanamke aliyepoteza mimba hutengwa kwa muda. Wenyewe wanaita metimani. Siku hizi sisi wa kanisani hatuifuati yote, lakini kwa Aayo tuliifuata kiasi. Nilikuwa na kikombe changu peke yangu na sahani yangu peke yangu. Sikuchota maji kwa jirani, sikwenda harusini, sikwenda jumuiya. Hakuna aliyenifokea. Walisema tu kwamba mkosi usije ukawafikia wengine. Na Aayo alinionea huruma kuliko mtu yeyote. Asubuhi na jioni aliniletea maziwa ya Mrembo yote, wengine wakanywa chai ya rangi. "Kunywa damu irudi," aliniambia. Nikawa nakunywa huku nalia.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ukawa unashuka kutoka msituni, na homa ikaanza. Ilikuwa homa yenye ratiba. Asubuhi naamka mzima, nafagia, naosha vyombo, mtu akinitazama anasema huyu anajifanya. Jua likianza kuteremka, inabisha hodi. Mifupa inauma, kiuno kinakatika, halafu linakuja jasho la kuloanisha godoro, lenye harufu ya majani ya ng'ombe yaliyolowa na mvua. Nywele zilinitoka nikichana. Wakati wa kuvuna ngano nilishindwa kufunga hata mzigo mmoja, nikasikia kwa masikio yangu wanawake wakisema kibarua wa Singida amepata pa kupumzikia.

Nikaanza safari za benchi. Kipimo cha malaria kilisema hakuna, nikapewa dawa ya malaria. Niliporudi nikapewa za taifodi. Niliporudi tena, aliyenihudumia aliniuliza kama nina matatizo na mume wangu. Nilimjibu kwamba kabla sijafika kwake sikuwa nayo.

Lakini yalikuwepo. Shangazi yake Boay alikuwa amemshauri aangalie mke mwingine, kwa sababu huyu aliyenaye hazai na halimi. Boay mwenyewe ndiye aliyeniambia, akiwa amekaa mlangoni anavua mabuti.

"Mimi sijasema ndiyo," aliniambia.

"Na hapana umesema?"

Akaendelea na kamba za mabuti. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa homa, na sitaficha, kesho yake aliondoka kwenda kazini bila chai.

Vuli ya mwaka jana ilianza nikiwa nimeshika mimba tena. Sikumwambia mtu mpaka ilipofika mwezi wa tatu. Ilipoingia wa nne, homa iliyokuwa imepoa kidogo ikarudi na nguvu zake zote. Ile ya kwanza ilitoka mwezi wa tano, kwa hiyo hesabu niliijua, zilikuwa zimebaki wiki chache. Nilitembea nimeshika tumbo kwa chini kama mtu aliyebeba mayai kwenye kanga.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo pale kituoni palikuwa na mgeni, mtaalamu wa maabara anaitwa Elibariki, kijana mpole mwenye miwani. Yeye na wenzake walikuwa wanajaribu kipimo kipya cha homa zisizojulikana. Aliniomba ruhusa, akanisomea karatasi, nikasaini. Alinirudia mara mbili kwamba kipimo hicho kiko kwenye majaribio, hakiamui dawa peke yake, na kwamba damu yangu nyingine ingepelekwa maabara kubwa Moshi kuhakikishwa. Kisha akatoa sanduku jeusi lenye tundu la kuchungulia na taa ya zambarau ndani yake, na kichupa cha maji. Akasema ndani ya maji yale kuna dahabu.

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikamwambia baba yangu alichimba dahabu kule Singida miaka kumi na minne, na alichopata ni kikohozi. Elibariki hakukasirika. Alinieleza kwamba dahabu yao ni punje chache mno zilizoshikana, ndogo hata hadubini ya pale haizioni, na ikiwa ndogo kiasi hicho inaacha kuwa ya njano. Ukiimulika na taa ile inaweza kuwaka nyekundu. Wameifunga pamoja na kitu kinachomtambua kijidudu cha ugonjwa. Kijidudu akiwepo kwenye damu, inawaka. Asipokuwepo, panabaki giza. Nimekueleza kama alivyonieleza, zaidi ya hapo usiniulize.

Kichupa cha kwanza kilikuwa na damu yake mwenyewe, ya kulinganishia. Niliomba nione, akanisogezea sanduku. Nikachungulia, giza. Akaweka cha kwangu, tukasubiri. Nilipochungulia tena, palikuwa na wekundu chini ya kichupa, umetulia, kama kaa la moto lililofunikwa na majivu.

Akaniuliza kama tunafuga ng'ombe. Akaniuliza kama tunakunywa maziwa bila kuchemsha. Akaniuliza kama nimewahi kumsaidia ng'ombe aliyetupa mimba. Nilijibu ndiyo kwa la kwanza na la pili. La tatu niliitikia kwa kichwa tu.

Majibu ya Moshi yalichukua siku tano. Kama umewahi kusubiri majibu ukiwa na mimba, unajua siku tano ni nini. Kila nilipokwenda chooni niliogopa kutazama. Siku ya sita daktari alinisomea. Ni brusela, inatoka kwa mifugo, huwa inaharibu mimba, na inatibika. Akanipa dawa za aina mbili ambazo mwenye mimba anaweza kuzitumia, wiki sita, bila kuruka hata siku moja. Akanionya kwamba mojawapo ingegeuza mkojo, jasho na hata machozi yangu yawe ya rangi ya chungwa, nisishtuke. Nilimuuliza kama mtoto atabaki. Akasema afadhali tumewahi kuliko kuchelewa, ila ahadi hatoi. Na maziwa mabichi, basi.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Aayo alikwisha kujua nina mimba, na kibuyu kilikuwa kimeongezwa ukubwa. Ningemwambiaje? Kwamba upendo wake wote wa mwaka mzima, kibuyu kwa kibuyu, ndio ulionilaza? Mimi ninayejisifu kwa mdomo, niliukosa. Kila asubuhi nikawa napokea maziwa, nashukuru, nazunguka nyuma ya nyumba, nayamwaga chini ya mpapai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuka siku ya kumi. Nilipogeuka, Aayo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Katika boma lile maziwa hayamwagwi chini hata yakiganda vibaya, wanapewa mbwa. Aayo alinipokonya kibuyu, akaingia ndani. Hakunisemesha siku kumi na moja. Alipika chakula chake, mimi changu. Wanawake wawili wasiojua kunyamaza, nyumba nzima ukasikia kuku tu. Nilimpigia Boay simu nikamweleza aliyosema daktari, akashuka, akasimama katikati yetu akiwa na kofia mkononi, akasema mama yake hajawahi kumdhuru mtu. Nikamwambia sijasema amenidhuru, nimesema maziwa. Akaniambia nimuombe radhi. Nikamwambia nitamuomba mtoto akizaliwa hai. Boay akarudi kazini na mimi nikaingia mwezi wa tano.

Siku ya kumi na moja nilifua, nikaanika. Dawa ilikuwa imenitia madoa mekundu-mekundu ya rangi ya chungwa kwenye upande wa kanga, yale ambayo sabuni haiyatoi. Nikasikia Aayo anakuja mbio kutoka upande wa kamba, na magoti yale! Alikuwa ameshika kanga yangu kwa mikono miwili.

"Imetoka?" aliniuliza.

"Haijatoka, Aayo. Ni dawa."

Alikaa chini palepale, kwenye tope. Nami nikakaa. Nikamweleza yote, ndama, sanduku, dahabu, Moshi, mpapai. Sikuacha kitu, na nilimuomba radhi bila kuhesabu kwamba nilikuwa nimeapa. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena.

"Kama maziwa yangu yana ugonjwa," alisema mwishoni, "nataka niyaone kwa macho yangu."

Kesho yake alivaa shuka lake la kanisani, akachukua kibuyu cha maziwa ya Mrembo, na hakukubali nikishike. Pale kituoni nilimwonya kuhusu msumari, akakaa kushoto akiwa amekipakata kibuyu. Elibariki alitupokea kwa heshima, akachota maziwa tone, akatia kwenye kichupa, akafunga sanduku. Tulisubiri. Aayo akainamisha mgongo wake uliopinda mpaka jicho likafika kwenye tundu. Alichungulia kwa muda mrefu hadi Elibariki akakohoa. Mimi sikuhitaji kuchungulia, niliuona wekundu kidogo kwenye kope zake.

Aliuliza kama dahabu inaweza kusema uongo. Elibariki akajibu kwamba kipimo chochote kinaweza kukosea, ndiyo maana wanapeleka Moshi. Aayo akafikiri. Kisha akakunja mkono wa blauzi yake mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mezani.

"Basi nipime na mimi."

Kichupa chake kilichelewa, na kilipowaka hakikuwaka kama changu, lakini kiliwaka. Nilifikiri atauliza habari ya magoti, au ya mgongo ambao kwa miaka tulisema ni uzee. Hakuuliza hayo. Alimtazama yule kijana akamuuliza, "Na wale wangu watatu?"

Ndipo nilipojua, baada ya miaka mitano ya kulala nyumba moja naye. Baada ya kumzaa Boay, Aayo alipoteza mimba tatu. Mara tatu alikaa kwenye metimani, na zile za kwake zilikuwa za zamani, ndefu, za kula peke yake na kutazamwa kwa mbali. Mara tatu mama mkwe wake alimletea maziwa mabichi ya ng'ombe wake mwenyewe ili damu irudi. Ya tatu ilipotoka, ukoo ulisema ana mkosi, na mume wake akaoa mwanamke mwingine akahamia naye Endamarariek. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza njia. Elibariki alivua miwani. Alimwambia kwamba sanduku lile linaona damu ya leo tu, ya zamani hawezi kumwambia, na asingependa kumdanganya. Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa nilitamani amdanganye.

Tulipofika nyumbani aliwasha moto, akamimina maziwa kwenye sufuria, akasimama juu yake na mwiko mpaka yakafura. Chuchu za ng'ombe hazikukauka. Baada ya wiki bwana mifugo alikuja akawapima wote. Mrembo na mtamba wake walikuwa na ugonjwa, wakatakiwa kuondolewa. Boay alitaka kumfungua Mrembo kamba, Aayo akamsukuma, akafungua mwenyewe, akamtoa hadi barabarani. Alimshika paji lile jeupe, akamwachia. Sijawahi kumuonea mtu huruma kama siku ile.

Majibu ya Aayo yalipothibitishwa, daktari alisema ugonjwa wa kwake umeshaingia kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo dawa ni za miezi. Tukawa tunameza pamoja kila asubuhi, kwa maji ya kikombe kimoja, na kikombe changu cha metimani alikitoa akakipandia vitunguu. Kisha alikuwa anaweka kiganja tumboni kwangu, anasubiri mpaka mtoto acheze, ndipo anakwenda bandani. Siku ambazo mtoto alichelewa, alichelewa na yeye. Mara moja tulikaa hivyo mpaka uji ukaungua, ndipo nikapigwa teke dogo chini ya mbavu. Aayo akasema mtoto ana kiburi cha Singida.

Mwezi wa tano ukaisha. Wiki sita zikaisha. Elibariki alinipima tena, akanisogezea sanduku, nikachungulia na pakawa giza tupu. Nikamuuliza kama taa imewaka. Akasema imewaka. Nikachungulia tena na tena, hadi aliyefuata kwenye foleni akalalamika. Homa za jioni hazikurudi, nywele zikaanza kuota kwa viraka, na Boay alipokuja alinikuta nakata kuni. Alisema ile hapana ameshamwambia shangazi yake. Nikamwambia amechelewa, lakini chai nilimpa.

Masika haya, mvua ikipiga bati la wodi hata manesi wakawa wanapaaza sauti, nilijifungua mtoto wa kike hospitalini Karatu. Alilia kabla hawajamfuta. Nesi mmoja aliyejua habari zetu alisema tumwite Dahabu. Nikamwambia jina hilo kwetu lilishamtesa mtu, huyu anaitwa Paskalina, jina la ubatizo la Aayo.

Aayo alikuwa bado anameza dawa zake. Walimruhusu aingie, wakampakatisha mtoto akiwa amefungwa shuka jeupe nililolinunua jipya kwa ajili ya siku hiyo. Alimfunua uso, akamtazama. Katika miaka yote sikuwahi kumwona Aayo akilia, hata siku Mrembo alipoondoka. Sasa machozi yalimtoka, ya rangi ya chungwa, yakadondoka moja moja kwenye shuka lile jeupe.

"Anjela," alisema, "sikuwa na mkosi."

"Hukuwa nao, Aayo."

"Sikuwa nao," akamwambia mtoto.

Wewe uliyeko kwenye benchi, waambie wakupime homa ya mifugo, na maziwa chemsha. Shuka lile nimelifua mara nyingi na kila jirani amenielekeza dawa ya madoa. Sijaitia, na sitaitia.